Korosho za Mgeni wa Baada ya Isha

Nyumba ya katibu wa msikiti haina saa ya kufungwa mlango. Swala ya Isha ikishaswaliwa na watu wakishatawanyika, hapo ndipo wageni wangu wanapoanza kubisha hodi: mzazi anayehitaji barua kwa ajili ya ndoa ya binti yake itakayofungwa mtaa mwingine, kijana aliyefiwa na baba na asiyejua aanzie wapi katika mirathi, mume na mke ambao kwa wiki tatu wamekuwa wakisemeshana kupitia kwa mtoto. Baadhi yao wameshamwona imamu, naye amewaelekeza kwangu wakaandikishe jambo lao. Wengine huanzia kwangu kwa kuwa wanamwonea imamu haya, ilhali mimi ni kijana wao, mwenye miaka thelathini na kitu, mtu wa kalamu na daftari ambaye hatazamiwi kutoa hukumu.

Katika kazi hii nimejifunza jambo ambalo halikuwamo katika masomo yangu ya chuo. Mgeni wa namna hii hasemi lililomleta mara tu anapoketi. Ataulizia watoto, atalalamikia mvua au ukosefu wake, ataeleza habari za bomba la udhu linalovuja kana kwamba sijui kuwa linavuja. Jambo lenyewe hutoka baadaye, likitoka, na mara nyingi hutoka akiwa anaitazama mikono yake wala si uso wangu. Kwa hiyo yapasa mikono hiyo iwe na kazi. Soda humalizika kwa mafunda machache, kisha mgeni huona kwamba amekwisha kukirimiwa na sasa ni wajibu wake kuaga. Bakuli la korosho huliwa moja moja, na kati ya moja na nyingine hupatikana nafasi ya neno.

Hata hivyo, hatukufika kwenye korosho kwa hekima hiyo. Tulifika kwa hesabu. Ukatibu hauna mshahara. Riziki yetu inatokana na ufundishaji wangu na cherehani ya mke wangu, na yeye ndiye mwenye daftari la nyumba. Jioni moja alinifungulia ukurasa na kunionyesha kwamba fungu la wageni, yaani soda, biskuti na vipakiti vya karanga vya dukani, lilikuwa limelizidi fungu la ada ya madrasa na shule ya watoto wetu wawili. Hakulalamika. Alisema tu, "Mgeni hatumfukuzi, lakini soda tutaifukuza."

Habari hiyo ilipowafikia wajumbe wa kamati, mmoja wao alipendekeza kwa nia njema kwamba nitengewe posho ya ukarimu kutoka katika mfuko wa msikiti. Niliomba pendekezo hilo lisiandikwe katika kumbukumbu za kikao. Fedha iliyomo katika sanduku imetolewa na watu kwa ajili ya paa, maji na umeme, na wengi wa walioitoa hawajapata kuonja soda ya nyumbani kwangu. Anayekirimu kwa mali ya watu si mkarimu, ni mgawaji. Wapo waliokiona kuwa ni kiburi, na wanayo haki ya kuona hivyo.

Katika vitabu vya wasimulizi wa maisha ya Masahaba kuna kisa cha Salman al-Farisi (RA) ambacho tulikisoma chuoni na kukicheka kabla ya kukielewa. Wageni wawili walimtembelea, naye akawawekea mkate na chumvi, akiwaeleza kwamba lau si katazo la kujikalifisha kwa ajili ya mgeni, angewafanyia zaidi. Mmoja wao akatamani chumvi ile ingekuwa na zaatari ndani yake. Salman akaitoa birika yake ya kutawadhia, ikawekwa rehani, zaatari ikaletwa. Baada ya kula, yule mgeni akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewakinaisha kwa alichowaruzuku. Salman akamjibu kwamba lau angekuwa amekinai, birika yake isingekuwa rehani.

Nikikitazama kisa hiki kwa macho ya mtu mwenye jiko, naona mambo mawili. La kwanza ni lile wanalolisema wahadhiri wote, kwamba mwenyeji asijitwishe asichokiweza. La pili halisemwi sana: yule mgeni hakuomba nyama. Aliomba kiungo. Chakula kikavu kilichotiwa kiungo kwa ustadi humfanya mgeni ahisi kwamba alikuwa akingojwa, na kiungo cha kulitimiza hilo ni kijiko kimoja cha chai.

Sasa tuingie jikoni.

Nimezaliwa na kukulia wilayani Newala, kwa hiyo msomaji anisamehe nikianza na korosho kabla ya karanga. Mkorosho si mti wa asili ya kwetu. Wareno waliutoa Brazil na kuuleta katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, na leo hakuna anayeweza kuifikiria Mtwara au Lindi bila ya mti huo. Bibi yangu alikuwa akizichoma korosho pamoja na maganda yake, uani, katika debe lililotobolewa matundu, nasi watoto tulizuiwa kusimama upande unakoelekea moshi. Mafuta yaliyomo katika ganda la korosho ni makali. Huunguza ngozi mithili ya tindikali, na moshi wake huwasha macho na kifua. Bibi alijipaka majivu mikononi kabla ya kubangua, na hata hivyo vidole vyake vilikuwa na madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Nalitaja hili kwa sababu wapo ndugu wanaoletewa kutoka kijijini mfuko wa korosho ghafi wakafikiri kuzichoma katika jiko la nyumba ya kupanga. Msifanye hivyo. Nunueni zilizokwisha kubanguliwa, mkachome kiini peke yake.

Katika kununua, usiione aibu kuulizia vipande. Wauzaji hupanga korosho nzima kwa ukubwa, na ile namba mnayoiona kwenye magunia ya kiwandani, kama vile 240 au 320, maana yake ni idadi ya punje zinazojaza ratili moja, hivyo kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo punje inavyokuwa kubwa, na bei nayo kubwa. Lakini ladha ya korosho iliyopasuka nusu ni ileile ya korosho nzima, na viungo huishika vizuri zaidi kwa kuwa ina upande bapa. Sisi hununua nusu nusu. Nzima tunaziweka kwa ajili ya Idd na kwa ajili ya siku wanapokuja wakwe, maana wakwe ni watu wa kutazama.

Ziwe kavu, zenye weupe wa maziwa, zisizo na harufu. Korosho iliyozeeka hunuka kama mafuta ya taa ya jana, na hakuna pilipili iwezayo kuificha.

Siri ya kwanza ya korosho zenye ladha ni kwamba chumvi haimwagwi juu, bali huingizwa ndani. Kwa nusu kilo ya korosho mimi huchemsha kikombe kimoja na nusu cha maji pamoja na vijiko viwili vya chai vya chumvi na punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa. Maji yakishachemka na kupoa kidogo, huyachuja, nikakamulia ndimu moja, nikazitumbukiza korosho humo kwa dakika kumi tu. Kisha nazitoa, nazichuja maji, nazitandaza kwenye sinia lililotandikwa kitambaa safi chini ya feni, au juani ikiwa ni mchana, mpaka zikauke kabisa zinaposhikwa, jambo linaloweza kuchukua saa moja au zaidi. Wenye haraka huzimwaga ndimu na kitunguu saumu juu ya korosho zilizokwisha kuiva. Matokeo yake ni mawili: kitunguu saumu hubaki kibichi mdomoni, na majimaji ya ndimu huzilegeza korosho zikawa kama zimelala nje.

Baada ya kukauka huja moto, na moto wa korosho ni mdogo. Mwenye jiko la oveni aliweke kwenye nyuzi joto 150 na azitandaze korosho safu moja, azigeuze kila baada ya dakika tano, na aanze kuziangalia kwa makini zinapotimia dakika 15. Sisi hatuna oveni. Tunatumia sufuria pana yenye kitako kizito juu ya jiko la mkaa ambalo makaa yake yameshaanza kuvaa majivu, na mwiko haupumziki kwa dakika 20 hadi 25. Mwanzo utaona hakuna kinachotokea. Ghafla harufu itabadilika kutoka ya uji kuwa ya siagi, na kuanzia hapo usimwitikie mtu yeyote anayekuita. Zitoe zinapokuwa na rangi ya mchanga wa pwani, kabla hazijafikia rangi unayoitaka, kwa maana korosho ina mafuta mengi na huendelea kujiiva kwa joto lake yenyewe hata baada ya kuondolewa motoni. Aliyengoja zifike rangi ya dhahabu sufuriani atazikuta kahawia sinianini mwake.

Hapo ndipo pilipili huingia, nje ya moto. Pilipili ya unga ikitiwa katika sufuria iliyo juu ya jiko huungua, ikawa chungu, na nyumba nzima ikakohoa. Mimi huziweka korosho zikiwa bado za moto katika bakuli kubwa, nikatia kijiko kimoja cha chai cha samli, nikazirusharusha zipate kung'aa, kisha nusu kijiko cha pilipili ya unga na kijiko kimoja cha binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. Samli hiyo kidogo ndiyo gundi. Bila yake viungo vyote hubaki chini ya bakuli, na mgeni hula korosho tupu huku akiuona utamu kwa mbali.

Wapo wajumbe wenzangu waliopata kunikuta nimeshika mwiko na wakatabasamu. Niliwakumbusha kwa wema yale aliyoyaeleza Bi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, nao wakaomba waonje.

Nije kwenye karanga, na hapa naomba msomaji asiruke, kwa sababu kuna jambo linalohusu uhai. Karanga ni rahisi kuliko korosho, zinapatikana kila gulio, na nyumba nyingi huzikaanga kila wiki. Lakini karanga, kama mahindi, hushambuliwa na kuvu anayezalisha sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyochafuka. Kwa Wakenya, mwaka 2004 ulikuwa mbaya zaidi, nao walipoteza watu 125. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki siku hiyo, lakini ini lake huharibika polepole, na wataalamu wa saratani wameiweka sumukuvu katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha ugonjwa huo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: kukaanga hakuiondoi. Joto la jikoni humwua kuvu mwenyewe, lakini sumu aliyokwisha kuitema huhimili joto na kubaki kwa sehemu kubwa. Viungo navyo huongeza hatari kwa namna nyingine, maana pilipili na sukari huficha ule uchungu ambao Mwenyezi Mungu ameujaalia ulimi uutambue. Karanga mbovu isiyo na kiungo mgeni ataitema. Karanga mbovu iliyopakwa sukari na iliki ataimeza, na atakushukuru.

Kwa hiyo kuchambua ni nusu ya kazi, na haifanywi usiku chini ya taa. Sisi humwaga karanga katika ungo asubuhi, mlangoni penye mwanga, na kuondoa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika ikaingia vumbi, iliyoota, au yenye ukungu wa kijani au wa njano. Usimwonee huruma muuzaji wala fedha yako. Katika kilo moja huenda ukatupa konzi nzima. Zilizotupwa zisipewe kuku, kwa kuwa sumu hiyo humdhuru kuku pia na hupita katika mnyama. Na baada ya kuchambua, weka moyoni kwamba jicho halioni kila kitu. Ndiyo maana hununua karanga kavu kwa muuzaji ninayemjua jinsi anavyohifadhi, juu ya chaga na si sakafuni, na sinunui zilizokwisha kusagwa au kupakwa viungo na mtu nisiyemjua, kwa sababu hapo aliyechambua ni yeye, kama alichambua.

Hili ndilo lililoniondolea kabisa hamu ya vipakiti vya njiani. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mgeni anayenyoosha mkono katika bakuli langu haniulizi nilikozitoa. Ameniamini kabla ya kuonja.

Karanga zikishachambuliwa, mke wangu huzikaanga katika chumvi ya mawe badala ya mchanga. Chumvi hupashwa moto sufuriani mpaka ipasuepasue, karanga hutiwa humo na kugeuzwa, kisha hupitishwa katika chekecheke. Chumvi ileile huhifadhiwa kwa siku nyingine. Zinaiva sawasawa, ganda jekundu linachomoka kwa kusuguliwa kidogo, na hazihitaji tone la mafuta. Hizi ndizo karanga zetu za kila siku, zinazoliwa na kahawa chungu, na kwa maoni yangu tende ikiwepo pembeni basi hapana haja ya kingine.

Za sukari ni za wageni wenye watoto. Vikombe viwili vya karanga, kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji hutiwa pamoja sufuriani, moto wa wastani, na kukorogwa. Maji yatakauka, na sukari ambayo ilikuwa shira nzito itageuka ghafla kuwa mchanga mweupe uliozifunika karanga. Wengi hudhani imeharibika hapo na kuongeza maji. Isiongezwe. Punguza moto, tia kijiko kimoja cha chai cha iliki iliyotwangwa, endelea kukoroga, na mchanga ule utaanza kuyeyuka upya na kuzivalisha karanga koti la kahawia linalong'aa. Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na uzitenganishe kwa uma kabla hazijashikana. Zile za mayai, zinazopakwa yai na unga kabla ya kukaangwa katika mafuta, ni tamu pia, lakini hula mafuta mengi na muda mwingi, nasi tumewaachia walio na nafasi.

Watoto nimewataja, na lazima niseme hili: mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga wala korosho nzima. Humpalia, ikaingia njia ya pumzi, na hapo hakuna mlango wa hospitali ulio karibu vya kutosha. Ziponde. Vilevile muulize mgeni kabla ya kumsogezea bakuli, kwa kuwa wapo ambao miili yao haizipokei jamii hizi za vyakula kabisa, na punje moja huwavimbisha uso na koo. Swali hilo halipunguzi heshima ya mwenyeji.

Nirudi kwa mgeni mmoja, ambaye habari yake nimeibadilisha kiasi cha kutosha asijulikane hata na jirani yake. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mkulima wa korosho. Alinijia usiku akiwa na karatasi tupu na kalamu yake mwenyewe. Alitaka nimwandikie barua, niipige muhuri wa msikiti, kwamba mwanawe wa kwanza hatamrithi, kwa sababu ya jambo alilolifanya katika shamba.

Mtu yeyote aliyesoma faraidhi kwa mwezi mmoja anajua jibu. Mrithi aliyewekwa na sheria ya Mwenyezi Mungu haondolewi na hasira ya baba, na hakuna muhuri wa msikiti unaoweza kufanya hivyo. Ningeweza kumwambia papo hapo, naye angeondoka papo hapo, na karatasi yake angempelekea mwingine. Mke wangu alileta bakuli na kahawa, akaliweka mkononi karibu naye, wala si katikati ya meza.

Alichukua korosho moja, akaizungusha kwenye vidole, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya zamani. "Ustadhi," akasema, "mimi nalima hizi tangu wewe hujazaliwa. Nazipeleka ghalani na maganda yake, zinapigwa mnada, zinapanda meli zinakwenda India na Vietnam huko. Hivi, za kuliwa hivi, nimekula mara za kuhesabu." Akala. Akauliza nani ametia pilipili. Nikamwambia ni mimi, akashangaa, na kutoka hapo akaanza kunieleza jinsi mwanawe huyohuyo, akiwa na miaka tisa, alivyokuwa akimfuata shambani msimu wa kuokota na kuzihesabu kwa sauti, mia kwa mia, kwa kuwa alikuwa amejifunza kuhesabu mwaka huo.

Hakusema amemsamehe, na mimi sikumwuliza. Saa nne na nusu alipoinuka, bakuli lilikuwa tupu na karatasi ilikuwa na mistari miwili tu, ambayo niliiandika kama alivyoitamka. Hukumu ya mirathi nilimweleza mlangoni, kwa sauti ya chini, tukiwa tunavaa viatu, naye alitikisa kichwa kama aliyekuwa ameshaijua. Akaniomba niiweke barua mpaka atakaporudi kuitia saini. Hajarudi kuitia saini. Amerudi mara mbili kwa mambo mengine, na mara zote mbili karatasi ile imo katika faili na hakuna kati yetu aliyeitaja.

Mwalimu wetu wa tafsiri alikuwa akituchelewesha sana katika aya za Suratu Dhaariyaat zinazomtaja Nabii Ibrahim (AS) na wageni wake. Alipenda kutuonyesha, kwa kumfuata Ibn Kathir, jinsi adabu za ukarimu zilivyokusanywa mahali pamoja: Ibrahim aliondoka kimyakimya bila kuwatangazia wageni kwamba anakwenda kuwaandalia, akarudi upesi na bora ya alichonacho, akakisogeza kwao badala ya kuwaita wakifuate, na akawakaribisha kwa upole, si kwa amri. Sisi wanafunzi tulimwona ndama tu. Nilipokuja kuwa na nyumba na daftari la matumizi niliiona ile hatua ya kimyakimya. Mgeni anayesikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na mtoto akitumwa dukani, hata kama hatasikia kiasi cha fedha anachopewa mtoto huyo, ameshaanza kujihesabia. Mwenye jambo zito la kusema hujihesabia mara mbili. Chupa ya korosho iliyokaangwa Jumamosi haitumi mtu dukani.

Na hiyo chupa iwe ya kioo, yenye kifuniko kinachokaza. Korosho ziingie humo zikiwa zimepoa kabisa, kwani zikiwa na vuguvugu hutoa jasho ndani na kulegea kabla ya siku ya tatu. Mfuko wa nailoni haufai. Mahali penye kivuli, mbali na jiko, zitakaa wiki mbili hadi tatu bila kubadilika ladha. Zikizidi hapo mafuta yake huanza kugeuka, ingawa kwetu hilo halijapata kutokea. Kilo moja ya vipande na kilo moja ya karanga hutufikisha mwisho wa wiki ya pili katika miezi ya kawaida. Mwezi wa Shaaban, ambao kila mtu hukumbuka ndoa zake na ugomvi wake kabla Ramadhani haijaingia, huwa tunakaanga mara mbili.

Ukigawa, tumia vibakuli vidogo, kila mgeni na chake, au weka kijiko katika bakuli la pamoja. Mikono mingi katika chombo kimoja huzilowesha, na wapo wanaoona kinyaa wasiweze kusema. Wale mume na mke niliowataja mwanzo, hata hivyo, mke wangu aliwawekea bakuli moja kwa makusudi. Sikumwuliza sababu. Mambo yao mengine ni amana.

Unga wa pilipili na binzari unaobaki chini ya chupa korosho zikiisha usitupwe. Unyunyize juu ya muhogo wa kuchoma, au uchanganye na kachumbari.